Ebola: jinsi kirusi kinavyopita katika vyumba vya seli, na kwa nini kuwahi kituoni kunaokoa maisha

Mwezi wa Agosti 2019, wakaaji wa Beni, Butembo, Katwa na Mangina walipata habari waliyoingoja kwa mwaka mzima. Utafiti wa dawa za Ebola uliokuwa ukifanyika katika vituo vya matibabu vya miji hiyo ya Kivu ya Kaskazini ulisimamishwa kabla ya muda wake, kwa sababu jibu lilikuwa limekwisha kuonekana. Kati ya dawa 4 zilizokuwa zikijaribiwa, 2 zilikuwa zinaokoa watu wengi zaidi kuliko zile nyingine. Utafiti huo ulikuwa na jina la Kiswahili: Pamoja Tulinde Maisha, au PALM kwa kifupi.

Dawa hizo 2, mAb114 na REGN-EB3, ziliongelewa sana katika redio na makanisani. Jambo ambalo halikuelezwa sana ni mahali ambapo zinafanya kazi. Mtu anapowekewa dawa kwa njia ya mshipa, anafikiri mapigano yote yanafanyika ndani ya damu. Lakini kwa mAb114, sehemu kubwa ya pambano inafanyika ndani zaidi, katika chumba kidogo cha seli ambacho hakuna jicho la mtu linaloweza kukiona. Mtu akielewa namna chumba hicho kinavyoungana na vyumba vingine, anaelewa pia kwa nini mgonjwa aliyefika kituoni siku ya 2 ana bahati kubwa kuliko aliyefika siku ya 8.

Seli ni kama mji wenye depo na barabara

Mwili wa binadamu umejengwa kwa seli, kama vile nyumba inavyojengwa kwa matofali. Tofauti ni kwamba tofali ni kitu kimoja, kizito na kimya, na seli imegawanyika ndani katika vyumba vingi, kila kimoja na ukuta wake mwembamba na kazi yake.

Kiini ndicho ofisi ambamo vitabu vya maagizo vinatunzwa, yaani jeni kama 20,000 za binadamu. Mitokondria ni mashine za umeme: zinachoma chakula na kutoa nguvu. Retikulo ya endoplasma ni wavu mkubwa wa mirija na mifuko unaoenea karibu seli yote. Humo zinatengenezwa protini nyingi na mafuta. Chumba cha Golgi, chenye jina la mganga Mwitalia aliyekiona mara ya kwanza mwaka 1898, kinapanga bidhaa na kuzipa anwani. Endosomu ni mifuko inayopokea vitu kutoka nje. Lisosomu ni mahali pa kuvunjavunja uchafu na chakula, na ndani yake mna ukali unaokaribia ule wa maji ya nyanya.

Mtu wa Butembo hahitaji mfano wa mbali ili aelewe hali hiyo. Bidhaa zinaingia kwa mpaka wa Kasindi, zinapita dwani, zinafika depo, zinafunguliwa, zinagawanywa, kiisha zinapelekwa sokoni na vijijini. Kila mahali pana watu wake na kazi yake. Lakini barabara ikikatika kwa siku chache tu, bei inapanda sokoni, fundi anakosa misumari, na mgonjwa anakosa dawa. Mji unaishi kwa sababu sehemu zake zinapelekeana vitu na habari. Seli nayo ni vilevile.

Vyumba viligunduliwa kwa bahati na uvumilivu

Kwa muda mrefu wanasayansi waliiona seli kama mfuko wa uji wenye kiini katikati. Mambo yalianza kubadilika katika miaka ya 1940. Mbelgiji Albert Claude, aliyefanya kazi New York, alisaga seli na kuzizungusha katika mashine yenye kasi kubwa ili sehemu nzito zijitenge na nyepesi. Mwaka 1945 yeye na wenzake walitoa picha ya kwanza ya seli nzima iliyopigwa kwa hadubini ya elektroni, chombo kinachoona vitu vidogo kuliko vile ambavyo mwanga wa kawaida unaweza kuonyesha.

Mbelgiji mwingine, Christian de Duve, alikuwa akifundisha katika chuo kikuu cha Louvain. Mwaka 1949 alikuwa akichunguza maini ya panya ili aelewe kazi ya insulini. Kimeng'enya kimoja alichokuwa akikipima kilionekana kuwa kidogo kuliko alivyotazamia. Yeye na wenzake waliweka sampuli katika friji, na walipoipima tena siku chache baadaye, kimeng'enya kilikuwa kingi. Hakikuwa kimezaliwa ndani ya friji. Kilikuwa kimefungiwa ndani ya mfuko, na mfuko huo ulikuwa umepasuka polepole. Mwaka 1955 de Duve aliupa mfuko huo jina la lisosomu.

Naye George Palade, mzaliwa wa Rumania aliyehamia Marekani, alifuatilia safari ya protini kwa kuzitia alama ya mionzi, kama mtu anayepaka rangi gunia moja ili ajue litapitia wapi. Aliona protini inaanzia kwenye retikulo, inapita chumba cha Golgi, kiisha inatoka nje ya seli ndani ya mifuko midogo. Claude, de Duve na Palade walipewa pamoja Tuzo ya Nobel mwaka 1974.

Njia 3 za vyumba kupelekeana habari

Njia ya kwanza ni ile ya mifuko. Chumba kimoja kinatoa kifuko chenye bidhaa, kifuko kinasafiri juu ya nyuzi zilizo kama reli, na kinapofika mahali pake kinaungana na ukuta wa chumba kinachopokea na kumwaga mzigo. Juu ya kifuko kuna protini zilizo kama ufunguo, na juu ya ukuta wa chumba kinachopokea kuna protini zilizo kama kufuli. Visipoelewana, mzigo hauingii. Kwa kuonyesha namna kazi hiyo inavyofanyika, James Rothman, Randy Schekman na Thomas Südhof walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2013.

Njia ya pili ni ujumbe. Seli ikigundua hatari, protini fulani zinabeba habari hadi kwenye kiini. Ukuta wa kiini una milango mingi yenye walinzi. Mjumbe haingii mwenyewe: ni lazima abebwe na protini nyingine inayojulikana na walinzi hao. Akifika ndani, vitabu vya maagizo vinafunguliwa kwenye ukurasa unaotakiwa.

Njia ya tatu ndiyo ambayo imewashangaza watafiti katika miaka ya karibuni. Vyumba vinakaribiana sana, karibu kugusana, bila kuungana, na vinapeana vitu mkono kwa mkono. Tayari katika miaka ya 1950 watu waliokuwa wakitazama picha za hadubini waliona retikulo imelala ubavuni mwa mitokondria, lakini wengi walifikiri ni bahati tu. Mwaka 1990 mtafiti Jean Vance, huko Kanada, alionyesha kwamba sehemu hiyo ya mkaribiano ina kazi ya kweli: mafuta ya kujengea kuta za seli yanatengenezwa hapo. Nafasi kati ya kuta hizo mbili ni nanomita 10 hadi 30. Unywele wa mtu una upana wa nanomita kama 80,000, kwa hiyo nafasi hiyo ni ndogo kuliko unywele kwa maelfu ya mara.

Katika mikaribiano hiyo yanapita madini ya kalsiamu, mafuta na habari. Retikulo ikitoa kalsiamu kidogo kuelekea mitokondria, umeme unaongezeka. Ikitoa nyingi kupita kiasi, mitokondria inaharibika na seli inaweza kujiua. Jirani akikupa moto wa kupikia, unashukuru. Akikumwagia makaa yote juu ya paa, nyumba inateketea.

Mwizi ndani ya gunia

Kirusi cha Ebola ni maskini sana. Kina jeni 7 tu. Hakina mashine ya umeme, hakina kiwanda cha protini, hakina depo. Peke yake hakiwezi kuzaa hata kirusi kimoja. Nguvu yake yote iko katika kujua barabara za wengine.

Juu ya kirusi kuna protini inayojitokeza kama miiba, iliyofunikwa na sukari nyingi. Kirusi kinapogusa seli, hasa zile za ulinzi wa mwili ambazo kazi yake ni kumeza vitu vya kigeni, seli inakunja ukuta wake na kukimeza. Sasa kirusi kiko ndani ya mfuko, yaani endosomu. Lakini bado hakijafaulu. Ni kama mwizi aliyejificha ndani ya gunia la mchele: amevuka mpaka, lakini bado amefungwa ndani ya lori, na lori linaelekea mahali pa kuvunjavunja.

Seli inafanya kazi yake kama kawaida. Mfuko unasafiri kuelekea lisosomu, na kadiri unavyokaribia, ukali ndani yake unaongezeka. Vimeng'enya vinaanza kukatakata. Virusi vingi vya aina nyingine na bakteria huishia hapo. Kirusi cha Ebola kinangojea tendo hilohilo. Vimeng'enya vinapokata ile kofia ya sukari juu ya mwiba, sehemu iliyokuwa imefichwa inajitokeza. Sehemu hiyo ndiyo ufunguo, na kufuli liko katika ukuta wa chumba hichohicho.

Kufuli hilo ni protini inayoitwa NPC1. Kazi yake ya halali ni kutoa kolesteroli katika lisosomu ili ifikishwe katika vyumba vingine, ikiwemo retikulo, kwa sehemu kupitia mikaribiano ile ya kuta. Ni mpagazi wa mafuta kati ya vyumba. Jeni yake ilijulikana mwaka 1997, kwa sababu ya watoto wanaozaliwa na ugonjwa adimu wa Niemann-Pick aina ya C. Kwa watoto hao mpagazi ni mlemavu, kolesteroli inajaa katika lisosomu bila kutoka, na polepole ubongo unaharibika. Chumba kimoja kikishindwa kupeleka mzigo kwa jirani zake, mtoto anapoteza kutembea na kusema.

Mwaka 2011 vikundi 2 vya watafiti vilitangaza kwa wakati mmoja kwamba kirusi cha Ebola kinamtegemea mpagazi huyohuyo. Walichukua seli za wagonjwa wa Niemann-Pick na kuzimwagia kirusi cha Ebola katika maabara. Kirusi kilimezwa, kikasafiri hadi ndani, kiisha kikakwama. Bila NPC1, mlango haukufunguka.

NPC1 ikiwepo, ukuta wa kirusi unaungana na ukuta wa chumba, tundu linafunguka, na jeni 7 zinamwagika katikati ya seli. Kuanzia hapo seli inafanya kazi kwa ajili ya mgeni. Viwanda vyake vinatengeneza protini za kirusi, retikulo na chumba cha Golgi vinatayarisha miiba mipya na kuivika sukari, mifuko inaipeleka ukutani, na virusi vipya vinatoka kutafuta seli nyingine.

Kirusi kinakata simu

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini seli haipigi kelele? Seli inajaribu. Ikiingiliwa, au ikipata onyo kutoka kwa jirani yake, inatuma wajumbe kwenda kwenye kiini ili milango ya ulinzi ifungwe na silaha zitengenezwe.

Kirusi cha Ebola kina protini 2 za kuharibu mawasiliano hayo. Moja, VP35, inafunika nyayo za kirusi ili kengele isilie mapema. Nyingine, VP24, inakwenda kumshika yule mbebaji anayejulikana na walinzi wa kiini. Mjumbe anafika mlangoni na habari mkononi, lakini hana wa kumwingiza. Ndani ya kiini vitabu vya ulinzi vinabaki vimefungwa, kana kwamba mji una amani.

Hiyo ni sababu moja inayofanya siku za kwanza za Ebola zidanganye. Homa, maumivu ya kichwa, uchovu: mgonjwa anafikiri ni malaria. Wakati huohuo, katika seli zake za ulinzi, kiisha katika maini na viungo vingine, virusi vinaongezeka na onyo halifiki linakotakiwa. Mwili unapokuja kugutuka, mara nyingi unajibu kwa fujo, na fujo hiyo yenyewe inaumiza mishipa ya damu.

Dawa iliyotoka Kikwit

Mwaka 1995 Ebola ilishambulia mji wa Kikwit, upande wa magharibi wa nchi, na kuua watu karibu 250. Profesa Jean-Jacques Muyembe, aliyesoma Lovanium huko Kinshasa na baadaye Leuven nchini Ubelgiji, na ambaye tayari mwaka 1976 alikuwa amefika Yambuku wakati ugonjwa huo haujapata hata jina, alikuwa Kikwit. Yeye na waganga wenzake waliwapa wagonjwa 8 damu ya watu waliopona. 7 kati yao waliishi. Wataalamu wengi wa nje hawakushawishika, wakisema wagonjwa ni wachache mno na huenda wangepona vilevile. Lakini wazo halikufa: katika damu ya aliyepona kuna kitu.

Kitu hicho ni kingamwili, yaani protini ambazo mwili unatengeneza ili zimshike adui mmoja maalumu na zisimsahau. Miaka 11 hivi baada ya Kikwit, mtu mmoja aliyenusurika alikubali kutoa damu. Watafiti wa Marekani na Uswisi, pamoja na taasisi ya INRB ya Kinshasa anayoiongoza Muyembe, walitafuta ndani yake kingamwili zenye nguvu zaidi. Moja iliitwa mAb114. Matokeo yake yalitangazwa mwaka 2016.

Nguvu ya mAb114 iko katika uvumilivu wake. Inakishika kirusi ndani ya damu, kirusi kinamezwa na seli, na mAb114 inaingia pamoja nacho ndani ya mfuko. Ukali unaongezeka, lakini haiachii. Vimeng'enya vinakata kofia ya sukari, lakini bado haiachii. Ufunguo unapotaka kujitokeza, mAb114 imeufunika tayari. Kirusi kinasimama mbele ya NPC1 na hakiwezi kufungua. Mwizi ametoka ndani ya gunia, lakini mikono yake imefungwa, na lori limefika mahali pa kuvunjavunja.

REGN-EB3, iliyotengenezwa Marekani, ni mchanganyiko wa kingamwili 3 zinazoshika sehemu tofauti za mwiba huohuo. Kuna zinazozuia kirusi kuingia, na kuna zinazowaita askari wengine wa mwili waje kumaliza kazi.

Hesabu za Pamoja Tulinde Maisha

Mlipuko uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 huko Kivu ya Kaskazini, na ambao uligusa pia Ituri na Kivu ya Kusini, ulimalizika tarehe 25 Juni 2020. Watu 3,470 walihesabiwa kuwa wagonjwa, na 2,287 kati yao walikufa. Ulikuwa mkubwa kuliko yote iliyowahi kutokea Kongo, na ulitokea katikati ya vita na kutoaminiana. Wapo waliosema Ebola ni biashara. Wapo waliosema mtu akiingia kituoni hatoki. Mwezi wa Februari 2019 vituo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa moto.

Katika hali hiyo, wagonjwa 681 walikubali, wao au familia zao, kuingia katika utafiti wa PALM kuanzia Novemba 2018. Kila mmoja alipewa dawa moja kati ya 4 kwa kura, na wote walipata matunzo yaleyale ya maji, chakula na usafi. Matokeo baada ya siku 28 yalikuwa hivi: kati ya waliopewa ZMapp, asilimia 49.7 walikufa. Waliopewa remdesivir, asilimia 53.1. Waliopewa mAb114, asilimia 35.1. Waliopewa REGN-EB3, asilimia 33.5.

Lakini hesabu nyingine ndiyo inayogusa familia moja kwa moja. Watafiti waliwagawanya wagonjwa kulingana na wingi wa virusi katika damu siku walipofika. Wale waliofika na virusi vichache, wakapewa mAb114, waliokufa walikuwa asilimia 9.9 tu. Kwa REGN-EB3 walikuwa asilimia 11.2. Wale waliofika na virusi vingi sana, dawa ni zilezile, waliokufa walikuwa asilimia 69.9 na 63.6. Watafiti walikadiria pia kwamba kila siku moja ambayo mgonjwa alikaa na dalili kabla ya kuingia katika utafiti iliongeza uwezekano wa kufa kwa asilimia 11.

Sababu inaonekana wazi kwa mtu aliyefuata safari ya mwizi ndani ya gunia. Kingamwili inaweza kumfunga mikono akiwa bado ndani ya mfuko. Lakini akikwisha kupita ukuta wa chumba na kumwaga jeni zake katikati ya seli, kingamwili haimfikii tena. Inalinda seli ambazo bado hazijaingiliwa. Haiwezi kuirudisha seli iliyotekwa. Anayefika siku ya 2 bado ana seli nyingi za kulinda. Anayefika siku ya 8, maini yake yamejaa virusi, na dawa nzuri kuliko zote inakuta kazi imekwisha kuharibika.

Kwa hiyo yule aliyefichwa nyumbani kwa juma zima, kwa hofu ya kituo, na kufa siku 2 baada ya kupelekwa, hakuuawa na kituo. Katika mitaa ya Katwa na Butembo vifo vya namna hiyo viliongeza uvumi, uvumi ukaongeza kuchelewa, na kuchelewa kukaongeza vifo.

Mlango ni mmoja, wezi ni wengi

Mwishoni mwa mwaka 2020, dawa hizo 2 zilipata kibali rasmi nchini Marekani, REGN-EB3 mwezi wa Oktoba na mAb114 mwezi wa Desemba. Shirika la Afya Duniani linashauri zitumike kwa wagonjwa wote wa Ebola aina ya Zaire, wakiwemo wanawake wenye mimba, watu wazima na watoto, hata wachanga waliozaliwa na mama mgonjwa.

Neno la kuangalia ni hilo: aina ya Zaire. Mwaka 2012, mji wa Isiro, katika Uele ya Juu, ulishambuliwa na aina nyingine inayoitwa Bundibugyo. Uganda jirani imepigana mara kadhaa na aina ya Sudan. Miiba ya virusi hivyo inafanana na ile ya Zaire, lakini si sawa kabisa, kwa hiyo mAb114 na REGN-EB3 hazikutengenezwa kwa ajili yake. Ni sababu ya maabara kutambua mapema aina iliyopo kabla ya kuamua matibabu.

Hata hivyo kuna kitu ambacho hakibadiliki. Virusi vya jamii hiyo ambavyo vimechunguzwa kwa kina, ukiwemo Marburg, vinapita mlango uleule wa NPC1. Wezi wanabadilisha nguo, lakini kufuli ni lilelile. Ndiyo maana watafiti wanatafuta kingamwili na dawa nyingine zenye kufunika ufunguo wa virusi vyote kwa pamoja, au kulinda kufuli lenyewe kwa muda mfupi. Kazi hiyo inataka uangalifu, kwa sababu NPC1 si mali ya kirusi. Ni mpagazi wa kolesteroli, na watoto wa Niemann-Pick wanaonyesha kinachotokea akizuiliwa kwa muda mrefu.

Wakati wakingojea dawa hiyo, wakaaji wa mashariki mwa Kongo wana mambo wanayoweza kufanya leo. Homa inayotokea wakati wa mlipuko, hasa kwa mtu aliyemtunza mgonjwa au aliyehudhuria mazishi ya mtu aliyekufa kwa ghafula, ipelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama inafanana na malaria. Anayempeleka asimguse bila kinga, na asitie aibu kwa kusema wazi alikutana na nani. Ikiwa ni malaria, atapewa dawa ya malaria na kurudi nyumbani. Ikiwa ni Ebola, dawa itamkuta seli nyingi za mwili wake bado hazijaingiliwa.